Ndege Wasiokuwapo

Siku ya kwanza nilirusha madongo saba kwa ndege ambao hawakuwapo. Najua yalikuwa saba kwa sababu Bi Somoe, jirani yangu wa shamba, alikuwa juu ya dungu lake akinihesabia, na mpaka leo hajachoka kuwasimulia watu.

Kwa asiyeijua kazi yetu, nieleze kidogo. Huku bondeni Rufiji, mpunga ukianza kutia maziwa mtu anahamia shamba. Anajenga dungu, yaani kibanda cha miti juu ya nguzo ndefu, na anakaa humo kutwa nzima kuamia ndege. Anakuwa na kombeo, rundo la madongo makavu, debe bovu la kupiga na koo lake la kupigia kelele. Ndege wenyewe ni kweleakwelea, wadogo mno, lakini wakishuka kundi zima, ukigeuka kunywa maji tu unakuta umevuna makapi. Kwa hiyo macho ndiyo kazi yenyewe, mikono inafuata tu.

Ilikuwa mwisho wa masika, kama saa tano asubuhi, jua limeshakuwa kali juu ya maji yaliyobaki shambani. Nikaona pembeni, upande wa kushoto, kitu kinachezacheza kama kundi linapogeuka hewani na mabawa yakashika jua. Nikatupa dongo. Hawakuruka. Nikatupa la pili, la tatu.

"Mama Tatu! Unampiga nani?" Bi Somoe akaniita.

"Hawa ndege, upande wa mtoni!"

"Ndege gani? Mbona mimi siwaoni?"

"Basi vaa miwani!"

Akaangua kicheko. Nami nikaendelea, maana kweli nilikuwa nawaona. Nikageuza kichwa kulia ili nimjibu vizuri, na ndege wakageuka nami, wakahamia kulia. Nikatazama sakafu ya dungu, wakawa sakafuni. Nikafumba macho kabisa, nikayafinya, nao wakabaki palepale wakitetemeka gizani.

Ukiwa umewahi kuviona vitu hivyo, unajua nasema nini. Kama hujaviona, sijui nikueleze vipi. Si ndege hasa. Ni mstari wa pembepembe, kama meno ya msumeno, unaong'aa na kutetemeka, unaanza mdogo karibu na pale unapotazama kisha unapanuka kama upinde kuelekea pembeni. Ndani ya upinde hamna kitu. Si giza, maana giza nalijua. Ni kwamba hapana. Nilitazama nguzo ya dungu la Bi Somoe na nguzo haikuwapo, na mahali pake hapakuwa na pengo wala weusi, dunia ilikuwa imejiziba tu kana kwamba nguzo haijawahi kujengwa.

Ikadumu muda wa kuinjika sufuria na kusonga ugali, kisha ikatoweka. Wakati huo kweleakwelea wa kweli walikuwa wameshuka upande wa kulia, na Bi Somoe ameacha kucheka, anawapigia debe kwa niaba yangu. Baada ya hapo kichwa kikaniuma upande mmoja, nikashuka kutapika nyuma ya dungu. Nikasema ni jua, tena sikuwa nimekula. Kichwa sikumwambia mtu. Kichwa kinamuuma kila mtu anayeshinda juani, nani atangaze habari ya kichwa?

Kosa langu kubwa lilianzia hapo, na ndilo limenifanya niandike haya.

Siku chache baadaye mume wangu, Salumu, alikuja shambani na samaki wa kukaanga. Alikuwa anaongea, mimi namtazama puani, nikaona nusu ya uso wake haipo. Jicho moja, nusu ya mdomo, sikio moja. Nusu nyingine imefutika.

"Salumu, sogea kidogo."

"Nisogee wapi?"

"Sogea tu nikuone."

"Si unaniona?"

Namwona, simwoni, vyote viwili ni kweli. Nikamwambia samaki wamekolea chumvi, nikajilaza kifudifudi mpaka ikapita.

Sasa mnielewe kwa nini niliogopa. Mimi nimezaliwa Kiongoroni, kule deltani karibu na bahari, ambako njia ni mito na kila kitu kinakwenda kwa chombo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alipofuka nikiwa darasa la tano. Kwetu ilikuwa jambo lisilo na mjadala: mzazi akipofuka, mtoto wa kike anaacha shule anashika ncha ya fimbo. Mama anashika ncha ya huku, mtoto ncha ya kule, wanakwenda. Nilimwongoza mama kwenye tope maji yakitoka, kwenye mbao za kupandia vyombo, misibani, arusini, kisimani. Nilipoolewa alikuja nami, nikaendelea mpaka alipofariki. Sikunung'unika, na kama nilinung'unika basi ni kwa siri. Lakini nilijua kila kilichonipita.

Na mama, kabla hajapofuka, alikuwa akisema: "Naona vimulimuli mchana."

Basi mimi nami nilikuwa naona vimulimuli mchana. Na mimi nami nilikuwa na mtoto wa kike mmoja tu, Tatu, anayesoma sekondari Kibiti na kukaa bwenini. Kaka zake wawili wameoa, wako mbali, na hakuna aliyewahi kusikia mwanamume akimwongoza mama yake kwa fimbo. Nikapiga hesabu yangu peke yangu juu ya dungu. Nikipofuka, Tatu atarudi nyumbani kama nilivyorudi mimi. Hilo tu ndilo lililokuwa likinitisha. Upofu wenyewe niliona nitauzoea, kwa vile nilishakaa karibu nao miaka mingi.

Baada ya mavuno nilikwenda Kibiti mjini, walikokuja wataalamu wa macho kwa siku mbili. Tulikaa kwenye mabenchi tangu alfajiri. Waliokwisha tiwa matone walikuwa wamekaa na macho yamelegea, hawaoni vizuri wa mbele wala wa pembeni. Mzee mmoja akanishika mkono, akaanza kunilalamikia habari za mbuzi wake, kumbe anadhani mimi ni mkewe. Mkewe alikuwa upande wa pili, akaniambia, "Mwache amalize, leo nimepumzika." Tulicheka sana. Ule ulikuwa mwezi mgumu, na kicheko kile nakikumbuka kama mtu aliyenipa maji.

Mtaalamu alinimulika, akanisomesha herufi za ukutani, akanitia matone, akanimulika tena.

"Macho yako mazima, mama."

"Mazima?"

"Mazima kabisa. Kichwa hakikusumbui?"

Nikasema hapana. Wallahi sikukusudia uongo. Siku hiyo kilikuwa hakiumi. Nimekwenda kwa ajili ya macho, ya nini kumchanganyia mtu habari za kichwa?

Nikatoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Macho mazima, na yanaona visivyokuwapo, na hayaoni vilivyopo. Nikajiambia ananificha. Mgonjwa haambiwi ukweli mbele ya watu kwenye benchi. Salumu akasema, "Kakuambia mazima, basi mazima." Nikamwona mume wangu mtu mwepesi sana wa kuridhika.

Wifi yangu Mwanahawa, dada yake Salumu, anayeuza machungwa barabarani Bungu, yeye hakuwa na shaka hata kidogo. "Hospitali wakikosa ugonjwa, ujue si wa kwao," alisema. "Una ruhani wewe. Anakuonyesha mambo yake." Akanipeleka kwa maalimu, mtu mpole, aliyeandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji ya marashi, nikanywa kombe asubuhi saba. Sitalisema vibaya kombe lile. Lilinuka vizuri, maalimu alinisomea kwa sauti ya upole, nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala tangu masika. Majuma mawili sikuona kitu. Nikapika pilau la shukrani. Juma la tatu zile taa za pembepembe zikanijia mara tatu, moja nikiwa msikitini upande wa wanawake, katikati ya sala, nikashindwa kujua nimesujudu mara ngapi.

"Ruhani kakasirika," akasema wifi.

"Kakasirishwa na nini?"

"Ndiyo hatujui."

Msimu wa korosho ukapita namna hiyo. Nilikuwa na ugonjwa wa macho usioonekana na ruhani asiyesema anataka nini. Na kichwa, ambacho kilikuwa kikiuma karibu kila baada ya taa, bado sikukiweka katika hesabu. Nilikuwa najifunga kanga kwa nguvu, naingia chumbani, nafunga dirisha. Nikitoka uso umevimba, wananiambia pole kwa usingizi.

Desemba Tatu akaja likizo. Alikuwa amemaliza mtihani wa kidato cha pili, amenenepa kidogo, anaongea kwa kasi ya watu wa mjini, kila kitu "freshi tu mama." Nilimtazama mwezi mzima. Nilikuwa nataka kukikariri kile kiuso chake, maana nilidhani nina muda mchache wa kukitazama. Shule zilipokaribia kufunguliwa nikamwita ukumbini.

"Mwanangu, shule utapumzika kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka tujue."

"Tujue nini, mama?"

Nikamweleza. Hakulia. Laiti angelia, ningeona ninachokifanya. Alitazama mikono yake, akasema, "Sawa." Mimi nami nilisema "sawa" hivyohivyo kule Kiongoroni, na mama yangu alidhani nimeridhika.

Salumu hakusema sawa. Alisimama mlangoni akapandisha sauti, mtu ambaye si kawaida yake.

"Umeambiwa macho mazima!"

"Mama yangu aliambiwa nini?"

"Mama yako hakuambiwa kitu! Hakuwahi kupelekwa hospitali!"

Ilikuwa kweli, na hakuna aliyewahi kuitamka. Majuma mawili alikuwa akila barazani peke yake. Lakini hakumrudisha mtoto shule kwa nguvu, ingawa ni baba na angeweza. Nimemsamehe kunyamaza kwake, si kwa mara moja, kidogokidogo. Naye naamini ananisamehe hivyohivyo.

Kisha nikaanza kujifunza upofu. Najua mtacheka. Nilijifunga kitambaa machoni nikamenya muhogo, nikakata kidole. Nilihesabu hatua za kwenda chooni. Nilitafuta fimbo nzuri, nikampa Tatu ncha moja, tukawa tunazunguka nyumba. Nikamfundisha: usivute, tangulia taratibu. Sema "jiwe" kabla ya jiwe, usiseme ukishafika. Ukiona watu, nitajie majina kwa sauti ndogo ili niwasalimu kabla hawajanisalimu. Nilikuwa mwalimu mzuri, maana kazi hii ndiyo pekee niliyosomea mpaka mwisho. Na Tatu alikuwa mwepesi wa kuelewa. Hilo liliniuma mno, kuona anavyoweza.

Bi Somoe akatukuta siku moja tukizunguka, macho yangu yamefungwa. Akasimama mkono kiunoni.

"Mwenye macho haambiwi tazama," akasema. "Wewe nitakuambia. Tazama!"

Nilimkasirikia juma zima.

Ramadhani ikaingia na taa zikazidi. Njaa ya mchana, kiu, usingizi wa kukatishwa na daku, zote zilikuja na meno yao ya msumeno. Nikafunga hivyohivyo, nikidhani nalipia dhambi fulani, nisiyoijua. Mwezi ule nilipungua mpaka pete ikawa inanivuka kidoleni.

Kisha masika tena, na mpunga tena, na dungu. Safari hii tulikuwa wawili juu, mimi na Tatu. Yeye ndiye aliyekuwa macho yangu. Nikiona ndege namuuliza, "Wale wapo?" ananijibu, "Wapo mama, piga," au "Hawapo, tulia." Tuliizoea kazi hiyo kiasi kwamba watu wa madungu ya jirani nao wakawa wananijibu kwa mbali: "Hawapo, Mama Tatu!" Nilikuwa sijui tena kipi changu na kipi cha dunia. Mara moja walikuwapo kweli, nikadhani hawapo, nikawaacha wakala.

Siku yenyewe ilianza kama zote. Taa zikaja kushoto. Kisha vidole vya mkono wa kushoto vikaanza ganzi, ikapanda taratibu mpaka kiwiko, ikaruka ikatua kwenye midomo. Nilitaka kumwambia Tatu anipe debe. Nilijua ni debe, naliona debe, na mdomo ukasema kitanda. Nikajaribu tena, likatoka neno ambalo si neno.

"Mama? Mama, unasema nini?"

Nilikuwa nasikia kila kitu. Nilikuwa nafikiri vizuri kabisa. Njia ya kutokea tu ndiyo iliyopotea. Tatu akapiga yowe, Bi Somoe akaacha mpunga wake kwa ndege, akaja akikimbia majini. Wakanishusha, wakanitia mtumbwini tukavuka, Salumu akatukuta ng'ambo na pikipiki mbili. Njia nzima mpaka Mchukwi, kwenye hospitali ya misheni, nilikuwa nafikiri: kwanza macho, sasa ulimi, kesho miguu.

Tulipofika ulimi ulikuwa umerudi. Aibu iliyonipata! Watu wamenibeba, wamehangaika, nami nimekaa kwenye benchi nasema vizuri, nauliza choo kiko wapi. Ila kichwa kilikuwa kinapasuka. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga mwenye homa akanipisha kona yenye kivuli bila kuombwa, akaniambia niegemee begani kwake. Jina lake sikulijua. Nilisinzia begani kwa mtu nisiyemjua, na mtoto wake akanishika kidole.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Nikaanza hadithi yangu ya macho, kama nilivyowaeleza wa kwanza. Tatu akanikatiza, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele ya mkubwa.

"Daktari, samahani. Mama hasemi habari ya kichwa. Taa zikiisha, anajifunga kanga kichwani, anafunga dirisha, hataki redio, hataki harufu ya samaki. Anatapika. Halafu analala, na akiamka yuko kama mtu aliyepigwa. Kila mara. Miezi minne hii sijaona mara hata moja imekuja taa kichwa kikabaki salama, labda mbili."

Nilimtazama mwanangu. Nilimweka nyumbani aniongoze njiani, kumbe alikuwa ananisoma.

"Ukifumba macho, taa unaziona?" daktari akaniuliza.

"Naziona."

"Ukifumba la kulia tu?"

"Zipo."

"La kushoto tu?"

"Zipo."

"Basi hazitoki machoni, mama. Zinatoka kichwani. Nadhani hiki ni kipandauso."

Nikakasirika. Kipandauso nakijua, bibi zetu walikuwa nacho, kinauma nusu ya kichwa, unabandika majani unalala. Kipandauso hakina taa! Akaniambia kwa baadhi ya watu kinazo, na kwa wachache kinashika hata mkono na ulimi. Lakini hakutaka kukisia tu. Alinipima presha na sukari, akanigonga magoti, akanitembeza kwenye mstari, na kwa sababu ya ule ulimi akaniandikia nikapigwe picha ya kichwa Dar es Salaam. Picha ilikuja kuwa safi, ingawa siku zile za kuingoja sizitaki tena maishani.

"Nitapofuka?" nilimuuliza.

"Kwa ugonjwa huu, hapana."

Nilimuuliza mara tatu. Alinijibu mara tatu. Kisha Tatu akauliza swali lake, kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo naweza kurudi shule?"

Daktari hakulielewa. Akamtazama yeye, akanitazama mimi, akasubiri mmoja wetu aeleze. Salumu akageukia dirishani. Mimi ndiye niliyetakiwa kujibu, na sikuwa na neno. Safari hii haukuwa ugonjwa.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaoona pembepembe na mashimo na ndege. Sina elimu ya kuwaeleza yanatoka wapi. Ninachoweza kusema ni hiki: ukienda, sema yote. Sema na ya kichwa, hata kama umekwenda kwa ajili ya jicho. Sema na ya siku ambayo hakiumi. Ulimi ukiwa mzito au mkono ukifa ganzi, nenda siku hiyohiyo, usijiambie ni kipandauso cha Mama Tatu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sikuficha hata kwa makusudi, nilisahau tu kwamba ni maradhi.

Nilipewa vidonge vya kumeza kila jioni. Mwezi wa kwanza mdomo ulikauka kama nimekula majivu, asubuhi siamki mpaka niitwe mara nne. Mwili ukaongezeka, magauni yakanibana, Bi Somoe akasema sasa ndiyo nafanana na mke wa mtu. Ramadhani iliyofuata maalimu yuleyule wa kombe aliniambia nisifunge mpaka daktari aruhusu, na nilikula mchana kwa kujificha jikoni kama mwizi. Taa hazijaisha. Zilikuwa zinakuja mara sita, saba kwa mwezi, sasa mara moja, mwezi mwingine hata moja hakuna. Bado zikija naogopa. Najua ni nini, na bado moyo unaniuliza: una hakika? Sina. Mama yangu na vimulimuli vyake, alikuwa na kipandauso juu ya upofu wake, au vile vilikuwa vitu vingine? Hayupo wa kumuuliza, na yeye hakuulizwa.

Mwaka uleule wa Mchukwi tulivuna mwezi wa sita. Mimi na Salumu tukaenda kwa mwalimu mkuu kuomba Tatu apokelewe shule zikifunguliwa Julai. Nikamwambia kwamba kulikuwa na ugonjwa nyumbani.

"Poleni," akasema. "Aliyeumwa ni mtoto?"

"Ni mimi."

Aliandika. Tatu angeingia kidato cha tatu katikati ya mwaka, na kama akishindwa kuwafikia wenzake, angekirudia. Nilishukuru, nikatoka nje nikalia nyuma ya matangi ya maji.

Nilidhani Tatu atafurahi. Hakutaka kwenda.

"Nikienda, ulimi ukipotea tena nani atajua?"

"Baba yako."

"Baba hajui dalili. Bi Somoe anacheka tu. Mama, mimi nimeshazoea. Nimeshasahau hata fizikia."

Nilisikia maneno yale nikaona kazi niliyoifanya. Nilimfundisha vizuri mno. Ikabidi nimfundishe upya, mwezi mzima, kwamba naweza: nikaenda kisimani peke yangu, nikaenda Kibiti peke yangu nikarudi, nikamwonyesha namezaje dawa, Salumu akakariri dalili zote mbele yake kama mwanafunzi. Mwisho akakubali kwa sharti moja: siku ya kuondoka nikionekana siko sawa, harudi shule, tunageuza pamoja.

Tulifika getini saa nne asubuhi, na sanduku lake la bati na godoro. Salumu alikuwa anashughulika na godoro kule kwenye pikipiki. Jua lilikuwa linapiga kwenye bati la sanduku. Nikaona nukta moja ya mwanga, ndogo, karibu na shingo ya mwanangu. Ikatikisika. Nikajua.

Ikapanuka kwa kasi. Nilikuwa namtazama Tatu usoni, na nusu yake ya kushoto ikaanza kwenda: sikio, jicho, kona ya mdomo. Nusu iliyobaki ikakunja uso.

"Mama, umenyamaza."

"Nakutazama."

"Zimekuja?"

Nimewaambia nyie msifiche. Mimi siku ile nilificha.

"Hazijaja."

"Nitazame sawasawa basi." Alinisogelea, na nikahisi, sikuona, nikahisi tu kwamba amenyanyua mkono, upande ule ambao haukuwapo. "Hivi ni vidole vingapi?"

Palikuwa na ukuta wa shule, kipande cha anga na nusu ya mtoto. Mkono haukuwapo popote.

"We Tatu," nikasema, kwa ukali wote niliokuwa nao. "Mimi ni mtoto wa chekechea wa kuhesabishwa vidole mbele ya geti la watu? Chukua sanduku lako, uingie ndani, usome!"

Akacheka. Nilikisikia kicheko chote, hakikukatika nusu. Akanibusu mkono, akabeba sanduku, na mimi nikasikiliza viatu vyake kwenye kokoto mpaka vikachanganyika na vya wenzake.

Kisha nikakaa juu ya jiwe, nikajifunika kanga usoni nikangoja. Zilipoisha nikafunua. Geti lilikuwa limefungwa na uwanja ni mtupu. Mpaka leo sijui vilikuwa vidole vingapi.